Kamera ikigoma, tuulize kwanza kilichoharibika ni sehemu ipi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wapiga picha wenzangu, hasa sisi wa miji ya pwani tunaoishi kwa harusi, mahafali na picha za pasipoti, kuhusu jambo linalotugharimu fedha nyingi, nalo ni namna tunavyoamua kutengeneza kamera au kununua nyingine pindi tuliyonayo inapogoma. Ninavyoona mimi, wengi wetu tunaamua kabla hatujajua kamera inaumwa nini. Tunatazama umri wake, tunapapasa mfuko, tunasikiliza neno moja la fundi aliyeishika kwa dakika chache, kisha tunatoka dukani ama na deni la kamera ya mtumba ama na ahadi ya matengenezo ambayo haikuandikwa popote. Hoja yangu ni kwamba swali la kutengeneza au kununua halina jibu mpaka lijibiwe lililo mbele yake: kilichoharibika ni sehemu ipi, na kipuri chake kinapatikana wapi.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Hivi karibuni mwenzangu hapa Tanga alikuwa kwenye shughuli ya kumtoa biharusi, kamera yake ya Canon ikaandika Err 01 kwenye skrini na kukataa kupiga. Kazi aliimaliza kwa kamera ya kuazima. Fundi aliyempelekea alimwambia kwamba ubao mkuu wa saketi umeungua, kwamba kamera haitengenezeki tena, na papo hapo akajitolea kuichukua kwa bei ya chakavu. Kabla hajakubali tulikaa nayo barazani tukafanya jaribio ambalo halihitaji hata bisibisi. Lenzi iliyokuwapo ilikuwa ile ya 18-55 ambayo huuzwa pamoja na kamera. Tulipolifungua tundu la mwanga mpaka mwisho, yaani f/3.5, picha ilitoka safi. Tulipolibana hadi f/8, Err 01 ikarudi. Tulirudia, matokeo yakawa yale yale. Tundu likiwa wazi kabisa, vile vibati vyembamba vilivyo ndani ya lenzi havina haja ya kusogea. Likibanwa, lazima visogee, na umeme wa kuvisogeza hupita katika utepe mwembamba wa nyaya unaojikunja na kujikunjua kila mara unapoizungusha lenzi ili kuvuta picha karibu. Miaka ikipita, utepe huo hupata ufa. Tulipofunga lenzi nyingine, kamera ikafanya kazi kama kawaida, na inafanya mpaka leo. Ubovu ulikuwa ndani ya lenzi iliyo rahisi kuliko zote katika mkoba wake, na kilichokaribia kuuzwa kama chakavu ni bodi, yaani mwili wa kamera bila lenzi, iliyo nzima.

Sina ushahidi kwamba fundi yule alikusudia kumdhulumu, na huenda alikosea kwa kutopima. Lakini utaratibu wenyewe una kasoro: anayetoa hukumu kwamba kamera imekufa asiwe yeye anayeinunua maiti yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kwenda popote, iwe kuibadilishia kamera vile vinavyobadilishika: betri nyingine iliyochajiwa, kadi nyingine, lenzi nyingine. Kamera nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa zimechoka betri tu, au zile pini za rangi ya dhahabu zinazounganisha lenzi na bodi zimeshika jasho na vumbi, na kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi kinatosha kuzirudisha katika hali yake. Namba zinazotokea kwenye skrini nazo zina maana, na zimeelezwa katika kitabu cha maelekezo ambacho hukaa ndani ya boksi bila kufunguliwa. Kwa kamera za Canon, 01 huashiria mawasiliano kati ya lenzi na bodi, 20 huashiria hitilafu ya mitambo kama kukwama kwa kile kioo cha ndani kinachoinuka picha inapopigwa, na 30 huashiria shata. Namba hizi hazimalizi uchunguzi, zinaonyesha tu upande wa kuanzia. Hata hivyo mteja anayezijua hapokelewi na fundi sawasawa na yule anayefika akisema kwamba kamera imezima basi.

Shata ndiyo sehemu inayochakaa kwa hesabu. Ni mapazia membamba yanayofunguka na kujifunga mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha, kila picha inapopigwa, na watengenezaji huzipima kabla ya kuziuza: Canon 80D ilipimwa kwa picha 100,000, Canon 5D Mark III kwa picha 150,000, Nikon D850 kwa picha 200,000, na Canon 1D X, ambayo ni ya daraja la juu kabisa, kwa picha 400,000. Mpiga picha anayepiga picha 1,500 katika harusi moja kila wiki hufikisha 78,000 kwa mwaka, kwa hiyo kamera ya kawaida kuvuka 100,000 katika mwaka wake wa pili ni jambo la kutarajiwa na wala halimaanishi kwamba imetunzwa vibaya. Zipo shata zinazovuka kiwango chake mara mbili, na zipo zinazokatika mapema. Dalili yake ya kawaida ni kivuli cheusi kinachokata upande mmoja wa picha, ambacho huanza kuonekana kwenye kasi kubwa kama 1/2000 na baadaye hujitokeza kwenye kila kasi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, ambao wakisikia shata imekufa huanza kutafuta kamera nyingine. Shata hubadilishwa. Kufa kwake hakuifanyi sensa kuwa mbovu wala ubao wa saketi kuchoka. Tuchukulie kwamba kamera iliyotumika ya aina ile ile inauzwa shilingi 1,200,000, na kubadilisha shata, kipuri na kazi, ni shilingi 400,000. Mtu husema 400,000 ni nyingi kwa kamera ya zamani. Lakini ile ya 1,200,000 nayo ni ya zamani, na shata yake imekwisha kupiga idadi ya picha ambayo muuzaji mara nyingi haitaji mpaka abanwe, ilhali ile yako itakuwa na shata inayoanza sifuri na historia unayoijua mwenyewe: unajua kama iliwahi kuanguka, unajua kama iliwahi kunyeshewa. Mimi hutumia kipimo cha nusu. Matengenezo yakiwa chini ya nusu ya bei ya kamera ya aina ile ile iliyotumika na iliyo katika hali nzuri, natengeneza. Yakizidi nusu, natafuta nyingine. Kipimo hiki kina mipaka yake, kwa sababu hakifai ikiwa kamera imeshatengenezwa ubovu mkubwa mara moja na sasa imepata wa pili, na hakina kazi ikiwa sensa imepasuka au ubao mkuu umeungua kweli, kwa kuwa katika hali hizo kipuri peke yake hukaribia bei ya kamera nzima iliyotumika.

Kuhusu zile kamera ndogo za mfukoni ambazo lenzi yake hutoka na kurudi ndani yenyewe, sina mengi. Chembe za mchanga zikikwamisha lenzi, jaribu kuzipuliza kwa pampu ndogo ya mkono. Ikishindikana, kazi ya kuifungua huwa na gharama kubwa kuliko thamani yake, na kwa picha za kumbukumbu za nyumbani simu nzuri inatosha.

Sisi wa pwani tuna adui ambaye wenzetu wa Iringa na Arusha hawamfahamu kama tunavyomfahamu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 kwa muda mrefu, fangasi huota kwenye vioo vya lenzi, na hapa kwetu kiwango hicho ni cha kawaida kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukimulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma huku ukitazama kutoka mbele, utawaona mfano wa nyuzi za utando wa buibui zinazoanzia pembeni ya kioo kuelekea katikati. Wakiwahiwa, fundi huifungua lenzi na kuisafisha, nayo ikarudi kuwa nzuri. Wakiachwa, hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo na mwishowe huchimba kioo chenyewe, na hapo hakuna usafishaji utakaoirudisha. Kwa hiyo lenzi ni tofauti na shata: shata unaweza kuisubiri mpaka ife ndipo uamue, lakini lenzi yenye fangasi kila mwezi unaoahirisha unapunguza uwezekano wa kuitengeneza. Ninasikitika kuona wenzangu wakihifadhi lenzi za thamani ndani ya mikoba ya ngozi, ndani ya kabati la nguo, mahali ambapo hakuna hewa wala mwanga. Kopo la plastiki la kuhifadhia chakula lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara, hushusha unyevu hadi kati ya asilimia 40 na 50, na gharama yake haifiki ya kusafisha lenzi moja.

Maji ya bahari yana hukumu yake peke yake. Kamera ikitumbukia baharini, toa betri wakati huo huo na usijaribu kuiwasha uone kama ni nzima, kwa sababu chumvi ikipitishiwa umeme huanza kula saketi mara moja. Kuizika ndani ya mchele hakusaidii kitu, kwa kuwa mchele hautoi chumvi iliyokwisha kuingia na unga wake huongeza uchafu. Kamera nyingi za namna hii haziponi, na zile zinazopona hurudi kuharibika baada ya muda. Katika hali hii fedha ya matengenezo ni afadhali iwekwe kwenye kamera nyingine.

Joto na unyevu vimewahi kuwashinda hata watengenezaji wakubwa. Oktoba 2005 kampuni kadhaa, zikiwamo Sony, Canon, Nikon na Fujifilm, zilitangaza kwamba baadhi ya kamera zao zilikuwa na sensa, zilizotengenezwa na Sony, ambazo katika mazingira ya joto na unyevu ziliweza kuharibika na kutoa picha zilizopotoka rangi na umbo, au zisitoe picha kabisa. Kamera hizo zilitengenezwa bure hata pale ambapo muda wa dhamana ulikuwa umekwisha. Februari 2014 Nikon ilitangaza huduma ya bure kwa Nikon D600 zilizokuwa zikiacha madoa kwenye picha, na kuanzia Julai 2015 ikafanya hivyo kwa baadhi ya Nikon D750 zenye kasoro ya shata, kisha ikapanua orodha ya kamera husika mwaka 2016 na 2017. Nayataja haya kwa sababu sijamsikia hata mwenzangu mmoja akisema kwamba kabla ya kumlipa fundi alitafuta jina la kamera yake na namba yake ya utambulisho katika taarifa za mtengenezaji. Kazi hiyo inafanyika kwa simu, na huenda ikaonyesha kwamba ubovu unaolipia si wako.

Sababu nyingine ya kufikiri upya ni kwamba soko la kamera mpya limebadilika. Kwa takwimu za CIPA, ambayo ni jumuiya ya watengenezaji wa kamera ya Japani, mwaka 2010 kamera za dijitali zilizosambazwa duniani zilizidi milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu zimechukua wateja wa kamera za bei nafuu, na watengenezaji wamegeukia kamera ghali zisizo na kile kioo cha ndani. Nikon imeshaacha kutengeneza D3500, ambayo ilikuwa kamera ya kuanzia ya vijana wengi. Canon na Nikon zote zilileta midomo mipya ya lenzi, yaani sehemu lenzi inapofungwa kwenye bodi, mwaka 2018, RF kwa Canon na Z kwa Nikon, hivyo anayenunua bodi mpya lazima ajumlishe adapta, betri za akiba na pengine kadi za aina nyingine, ndipo ailinganishe bei hiyo na ya matengenezo. Mwenye lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota ndani, kama 50mm f/1.8D ambayo wapiga picha wengi wa studio wanayo, ajue kwamba kwenye FTZ, adapta ya Nikon ya kufungia lenzi za zamani kwenye mdomo wa Z, lenzi hiyo haitajilenga yenyewe. Atalazimika kulenga kwa mkono, jambo ambalo ukumbini, watu wakicheza, halifai.

Nisieleweke kwamba napinga kununua. Ikiwa wateja wako wanataka video za 4K na kamera yako haina, kuibadilishia shata hakutakupa 4K. Ikiwa mtengenezaji ameacha kutoa vipuri na vilivyobaki sokoni vimechomolewa kwenye kamera mbovu nyingine, hesabu ya nusu niliyoitaja ishushwe hadi robo. Na mtu anayeishi kwa harusi hapaswi kuwa na kamera moja tu, kwa hiyo mara nyingine jibu sahihi ni kununua ya pili na kuitengeneza ya kwanza ibaki ya akiba.

Anayeamua kutengeneza anahitaji pia kujua namna ya kuipokea kamera yake. Nyuma ya sensa za kamera nyingi kuna vipande vyembamba mno vya chuma au skrubu za kurekebishia, vinavyoiweka sensa katika umbali na unyoofu unaotakiwa. Fundi akivirudisha visivyo, kamera itapiga, skrini itaonyesha picha nzuri, nawe utagundua siku ya kuchapisha kwamba watu wa upande wa kushoto wako safi na wa kulia wamefifia. Bandika ukurasa mzima wa gazeti ukutani, weka kamera kwenye stendi ikiutazama moja kwa moja, fungua tundu la mwanga mpaka mwisho, piga, kisha kuza picha kwenye kompyuta usome herufi za pembe zote nne. Kama pembe moja haisomeki na nyingine zinasomeka, ijaribu kwanza kwa lenzi nyingine. Ikiwa ni pembe ile ile, irudishe kamera kwa fundi kabla hujamaliza kulipa. Na kwa wale wanaopenda kujifungulia wenyewe, nawasihi wasiguse kamera yenye flashi yake ya ndani, kwa sababu kapasita ya flashi huhifadhi umeme wa volti zaidi ya 300 na huweza kubaki nao hata betri ikiwa imetolewa.

Mhariri, yapo ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuyamaliza. Mafundi wetu wa simu wamekuwa hodari kwa sababu vipuri vya simu vimejaa Kariakoo na kila kijana anaweza kujifunza kwa kuharibu na kurekebisha. Fundi wa kamera hana fursa hiyo. Vyuo vya VETA vinafundisha ufundi wa elektroniki, na naomba viongeze kozi fupi ya kamera na lenzi, angalau katika miji yenye studio nyingi na watalii wengi kama Dar es Salaam na Arusha. Kwa wauzaji, naiomba Tume ya Ushindani itazame utaratibu wa California, ambako sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2024 inamtaka mtengenezaji wa kifaa cha elektroniki ambacho bei yake ya jumla ni dola 100 au zaidi atoe vipuri na maelekezo ya ufundi kwa miaka 7 tangu kifaa cha aina hiyo kilipotengenezwa mara ya mwisho. Hata Umoja wa Ulaya, uliopitisha agizo lake la haki ya matengenezo mwaka 2024, haukuziweka kamera katika orodha ya bidhaa zinazobanwa, hivyo tusitarajie kwamba faida itatufikia sisi bila kuomba. Naomba pia kila fundi amwandikie mteja alichokikuta, bei ya kipuri na bei ya kazi vikiwa vimetenganishwa, na amrudishie kipuri kibovu alichokitoa.

Lipo moja lisilosubiri serikali. Karibu kila studio ina kamera mbovu kabatini. Iliyokufa sensa mara nyingi ina shata nzima, iliyokufa shata ina skrini nzima, na iliyoanguka ikavunjika mdomo wa lenzi ina ubao wa saketi usio na dosari. Napendekeza wapiga picha wa kila mji tuandike orodha moja ya kamera hizi, aina yake na kilichoharibika, ili mwenye shida ya kipuri aanzie kwa jirani yake kabla ya kuagiza Dubai. Kwa hapa Tanga niko tayari kuikusanya orodha hiyo, na nitaanza na zilizo kabatini kwangu.

Mpiga picha wa harusi na matukio,
Tanga.